Jirani Alijibu Mlango wa Koko

Siku ya tatu baada ya Koko kuzikwa, baba mdogo Lesikar aliwaambia waliobaki msibani wasogeze viti. "Silantoi, mwanangu, lete hiyo kompyuta yako. Tumsikie mama."

Silantoi aliifungua mezani. Hakupenda kutazamwa na watu wengi. Hata kanisani huimba amejificha nyuma ya mabega mapana ya binamu yake, Nice. Lakini leo aliona fahari kidogo. Hadithi kumi na nne za Koko, bibi yao, alizirekodi mwenyewe kwa simu, Jumamosi baada ya Jumamosi, akitoka Moshono hadi huku juu ya Ngaramtoni. Koko alisimulia kwa Kimaasai. Silantoi akazitafsiri, kisha akazisoma kwa Kiswahili kwa sauti yake nyembamba, kwa ajili ya wajukuu waliokulia mjini. Akatengeneza tovuti yenye folda mbili, moja kwa kila lugha.

Siku alipokuwa akiipanga seva ya tovuti hiyo, Koko aliketi pembeni akichambua maharage.

"Huyo mtu wako wa kwenye mashine," aliuliza, "akiombwa hadithi akaikosa, anasemaje?"

"Anasema haipo, Koko."

"Haipo tu? Bila hata pole?" Koko alicheka mpaka pengo likaonekana. "Huyo hakulelewa! Mgeni harudishwi mlangoni. Mwenye nyumba akiwa hayupo, jirani anampa loshoro ya mahindi na mtindi, anakunywa, anapumzika."

Silantoi alicheka naye, kisha akafanya hivyo kweli. Aliongeza mstari mmoja kwenye mpangilio wa seva: sauti ya Kimaasai ikikosekana, itolewe ya Kiswahili. Alipomweleza, Koko alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Ehee. Sasa amekuwa mtu."

Sasa, pale msibani, viti vilikuwa vimesogezwa. Silantoi akachagua Kimaasai, akabonyeza hadithi ya kwanza, ya fisi na mjane.

Sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, kwa Kiswahili.

"He! Koko naye!" akasema Nice. "Kumbe alisoma chuo kimyakimya!"

Wakacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Silantoi naye akacheka, akidhani amekosea kubonyeza. Akarudia. Ni yeye tena. Akajaribu ya pili, akajaribu ya saba. Ni yeye. Vicheko vikafifia kimoja kimoja.

"Si hiyo, mwanangu," baba mdogo alisema taratibu. "Mama."

Silantoi aliingia kwenye seva, akafungua folda ya Kimaasai. Kurasa zilikuwepo zote. Sauti haikuwepo hata moja.

Ndipo akakumbuka Februari, alipoihamishia tovuti kwenye seva mpya. Umeme ulikatika kazi ikiwa katikati, na uliporudi aliendelea pale alipodhani ameishia. Halafu aliendesha programu ya kukagua, inayobisha hodi kwenye kila faili na kuandika kama kuna aliyeitikia. Wote waliitikia, ishirini na nane kwa ishirini na nane; kumbe kwa zile kumi na nne za Kimaasai aliyeitikia alikuwa jirani, sauti ya Kiswahili. Hakusikiliza hata moja. Sauti yake aliionea aibu, na ya Koko angeisikia Jumamosi yoyote. Akaifunga seva ya zamani. Kwenye simu, rekodi alikuwa ameshazifuta kitambo ili apate nafasi.

Na Koko aliishi miezi minne baada ya hapo. Kila Jumamosi alikuwa ameketi palepale, kichwa kizima, ulimi mzima. Angeombwa, angezisimulia zote upya na kuongeza nyingine. Laiti seva ingesema mara moja tu kwamba haipo!

"Baba mdogo," alisema. "Zimepotea. Nimezipoteza mimi."

"Zote?"

"Zote."

Lesikar alivua kofia yake, akaiweka gotini. "Na hukujua?"

"Kila nilipouliza, ilijibu. Niliipanga ijibu. Koko alisema mgeni asirudishwe."

Mzee alikitazama kigoda cha mama yake karibu na mlango, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba uingie.

"Alisema hivyo, ndiyo. Kama mwenye nyumba ametoka tu, anarudi. Lakini akiwa amekufa, humpi mgeni loshoro ukakaa kimya. Unamwambia kwanza."

Hakusema kwa ukali. Angekemea, angalau Silantoi angepata pa kujishika. Nice alisogea, akamwekea mkono mgongoni, safari hii bila utani.

Silantoi aliutafuta ule mstari. Ulikuwa mfupi, maneno machache tu. Aliufuta, akaiwasha seva upya, akarudi kwenye ukurasa wa Kimaasai.

Akabonyeza hadithi ya fisi na mjane, na seva ikajibu: Haipo.

Ya pili. Haipo.

Alizipitia zote kumi na nne, moja baada ya nyingine, watu wakimtazama na yeye akisahau kuona aibu. Hakuna aliyemwambia aache. Ilipofika ya mwisho, baba mdogo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyefikishiwa habari kwa njia inayostahili, na wanawake wakaanza kulia upya.