Kuanzia kwa Walii Kushuka Chini

Mwaka ule petroli ilipanda bei mara nne kabla theluji haijaanguka. Mara ya kwanza tulilalamika. Mara ya pili tuliwalaani watu tusiowajua. Ilipofika ya tatu, bonde zima lilinyamaza na kila mtu akaanza kufikiri.

Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani vilivyoharibika. Sikuisomea. Nikiwa na miaka kumi na minne nilifungua cherehani cha marehemu shangazi yangu, nikakaa nacho siku tatu mpaka kikarudi kushona, na tangu hapo watu wananiita fundi Gulfaraz. Cherehani cha chuma hakibebeki kirahisi, kwa hiyo mimi ndiye ninayevifuata, kijiji kwa kijiji, kwa pikipiki yangu ndogo. Petroli ikipanda, ni kama bei ya miguu yangu imepanda.

Nilianza kupunguza safari kwa utaratibu. Zamani mwanamke akipiga simu kuwa sindano inaruka, nilikwenda siku hiyohiyo. Sasa nikasema upande wa mashariki ni Jumatatu na Alhamisi, upande wa magharibi ni Jumanne na Jumamosi, na asiyeweza kusubiri anipigie simu nimwambie azungushe skrubu ipi. Wengine walijifunza vizuri mno, nikawapoteza. Ijumaa mimi na mke wangu Taslim tulikuwa tukienda kwa dada yake. Sasa dada hao wakawa wanasalimiana kwa simu, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kutokuja. Na nyama, Ijumaa moja tunaila, inayofuata tunaizungumzia.

"Baba Mahnur," Taslim aliniambia asubuhi moja akiwa amekitazama kikombe chake muda mrefu, "hii chai imemwona nyati wa maziwa kwa mbali tu."

"Inatosha kusalimiana naye," nikasema.

Mama yangu, tunayemwita Amma, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa anacheka siku hizo.

Aliyenifundisha jambo lenyewe ni Sharafat, anayeendesha pikapu ndogo kati ya kijiji chetu na mjini Mansehra. Barabara yetu inapanda mlima, inafika juu kabisa penye kaburi la walii lenye bendera za kijani, halafu inashuka kona baada ya kona, kama kilomita nne, hadi darajani karibu na nyumba yangu. Siku moja tulikutana pale juu, nikiwa nimesimama kusoma dua.

"Fundi, hapa kushuka huwa unazima?"

"Nizime nini?"

"Injini! Ng'ombe anayeteremka mlima unamlisha ya nini? Mimi kuanzia kwa walii kushuka chini ni kimya. Walii ndiye anayeendesha."

"Na breki?"

"Breki ni zako mwenyewe. Walii ni wa wote."

Mwezi haukuisha kabla bonde zima halijafanya vivyo hivyo: pikapu, pikipiki, hata lori la mchanga. Mimi nami nikawa nikifika penye bendera nageuza ufunguo, naacha pikipiki iteleze, nasikia upepo na mnyororo tu. Sikumwambia mtu nyumbani. Mjomba wangu, mdogo wake Amma, alifia kwenye mteremko kama ule kwa sababu ya breki, na Amma hajawahi kulisahau jina la kona ile. Nilijiambia kwamba breki zangu nazitunza mwenyewe, na kumtia mama hofu bila sababu si wema. Mtu akitaka kuficha jambo dogo hapungukiwi sababu nzuri.

Sasa nieleze habari za Amma. Macho yake yaliharibika miaka sita iliyopita. Alipasuliwa, hayakupona; anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Lakini kila alasiri aliketi barazani kwenye kitanda cha kamba, uso kaelekeza barabara asiyoiona, tasbihi mkononi. Ile ilikuwa kazi yake. Alinisikia kabla ya mtu yeyote. Katikati ya pikipiki zote za bonde aliijua yangu, na ikifika kwenye misonobari chini ya kona ya mwisho alipaza sauti:

"Taslim! Weka tawa motoni, amefika!"

Jiko letu liko nyuma, kando ya mfereji, na mtu aliye humo hasikii kitu isipokuwa maji. Chapati ya mahindi nayo haifai ikipoa. Inakuwa kama kipande cha ubao. Kwa hiyo Taslim alingoja sauti ya Amma, na mimi nilipokuwa navua viatu chapati ilikuwa inatoka kwenye tawa. Kwa miaka sita nililishwa chakula cha moto na masikio ya mama yangu. Sikuwahi kulifikiria hivyo.

Nilianza kukuta moto haujawashwa.

"Umeshafika?" Taslim alishtuka. "Amma hajaniita."

"Amesinzia," nikasema.

Wiki baadaye ikawa hivyohivyo, na wiki nyingine. Kisha nikakuta kitanda cha kamba kimehamishiwa ndani. Amma alisema ni baridi, ingawa siku hizo jirani zetu walikuwa bado wanalala juu ya paa kwa joto. Akaanza kula nusu ya chapati. Nikitania, alitabasamu kwa adabu, kama mgeni.

Jumapili moja nilikuwa nanawa mikono mfereji­ni, Taslim akaja akachuchumaa karibu yangu na sahani isiyohitaji kuoshwa.

"Usimwambie nimekuambia. Kaniapisha."

"Kuna nini?"

"Masikio yake. Anasema yanakatika."

"Yanakatika vipi? Juzi nimenong'ona habari za sukari, kanisikia toka chumba cha pili!"

"Ya karibu anasikia. Ni ya mbali. Anasema gari linakuja huko juu, analisikia vizuri kabisa, halafu katikati ya njia, kimya. Kama mtu kakata uzi. Magari yote, na wewe pia." Alisugua sahani. "Anasema Mungu alichukua macho kwa mkupuo, lakini masikio anayachukua kidogokidogo, kaanzia mbali. Sasa anakaa ndani anangoja yafike karibu. Jana kamwambia Mahnur asome kwa sauti, aikariri sauti yake kabla haijaondoka."

Anayesoma hapa labda ameshaelewa. Mimi sikuelewa. Fundi huangalia mashine iliyoharibika, hauangalii mkono wake mwenyewe. Nilisikia neno "masikio", nikafikiria daktari.

Kumpeleka Mansehra kulinilazimu kuacha safari mbili za wiki ile. Nilimwambia Amma tunakwenda kutazama macho; akakubali kwa sababu macho hakuyatumaini tena wala kuyaogopa. Alikaa upande nyuma yangu, kajifunika shali, mkono mmoja kiunoni mwangu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwangalia masikio kwa taa, akamtoa nta kidogo, akagonga uma wa chuma unaolia na kuusogeza mbali, mbali zaidi, hadi mlangoni. Kila mara Amma aliinua kidole.

"Mama, masikio yako ni mazima kuliko ya mwanao."

"Mungu akuzidishie," Amma alisema.

Tulipotoka nje aliniegemea. "Kumbe ulinileta kwa masikio. Taslim hawezi kutunza siri hata ya chumvi."

"Umemsikia daktari lakini. Ni mazima."

"Ni kijana mwema. Hakutaka kunivunja moyo."

"Amma, umeinua kidole kila mara!"

"Chumbani mle. Chumbani ni karibu, mwanangu."

Nilimnunulia machungwa mawili, akayaweka mapajani, tukaanza safari ya kurudi. Jua lilikuwa upande wa magharibi tulipomaliza kupanda. Nilikuwa nawaza ni nani mwingine wa kumwendea, pengine Abbottabad, na petroli ya Abbottabad itatoka wapi. Tukafika penye bendera za kijani. Mkono wangu, bila kuniuliza, ukageuza ufunguo.

Sauti ikafa. Pikipiki ikaanza kuteleza.

Kucha za Amma zikaingia ubavuni mwangu. Chungwa moja likaanguka.

"Faraz! Faraz, limekatika!"

"Nini?"

"Sikio! Hivi! Ndivyo linavyokatika, hivihivi! Sasa hata la karibu... Faraz, sema kitu! Sema nijue kama nitakusikia!"

Nilikanyaga breki, tukasimama kando ya barabara. Nilitaka kusema, nikashindwa, naye kila nilivyonyamaza alizidi kunikamata.

"Amma," nikasema mwishowe. "Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Masikio yako hayana kitu. Nimezima injini. Ni mimi. Nazima kila siku hapa kwa walii, nashuka bure, kuokoa petroli."

Bendera zilikuwa zinapigapiga juu yetu, na nadhani alizisikia nazo pia, kwa sababu aligeuza uso kuelekea kule.

"Na Sharafat?"

"Naye pia."

"Na lile lori la mchanga?"

"Wote, Amma. Bonde zima."

"Bonde zima!" Alinipiga mgongoni kwa kiganja, kisha tena, kwa nguvu kuliko nilivyodhani anazo. "Miezi mitatu! Miezi mitatu nimekaa ndani kama gunia, naagana na sauti ya mjukuu wangu, kumbe watu wazima na ndevu zao wanateleza mlimani kama watoto! Huna mdomo? Ungeniambia ungepungukiwa nini?"

"Niliogopa utaogopa. Kwa ajili ya mjomba."

Mkono uliokuwa unanipiga ukatulia begani kwangu. Nilishuka nikalitafuta chungwa, nikalikuta kwenye majani, likiwa na mchubuko upande mmoja. Niliporudi alikuwa anafuta uso kwa ncha ya shali, na sikujua kama alikuwa analia au anacheka. Nafikiri ilikuwa yote mawili.

"Breki unazikagua lini?"

"Kila Jumapili."

"Utazikagua kila asubuhi. Nitakuwa nasikiliza."

"Sawa, Amma. Na kuanzia kesho sitazima tena. Nitashuka na injini mpaka nyumbani, uisikie."

Alifikiri. "Ukizima unaokoa kiasi gani?"

"Kama kikombe cha chai. Kila ninaposhuka."

"Kikombe kizima?"

"Karibu kizima."

"Basi zima," akasema. "Mwanamke atakayemwaga kikombe kizima cha petroli kila siku ili asikie kelele siyo mimi. Lakini zima palepale. Usizime leo hapa, kesho pale. Na sasa twende, taratibu, ngoja nipime."

Tukaanza kuteremka. Nyuma yangu nilisikia punje za tasbihi zikipita mojamoja, na midomo yake. Kona baada ya kona alikuwa anahesabu. Tulipovuka daraja na kusimama mbele ya nyumba akasema, "Mizunguko mitatu ya tasbihi na punje arobaini. Tawa linataka mzunguko mmoja kupata moto." Akashuka mwenyewe, akapapasa njia hadi mlangoni, na kabla sijaegesha pikipiki nilimsikia anamwagiza Mahnur amsaidie kurudisha kitanda barazani.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mashariki. Nilirudi nimechoka, nikageuza ufunguo penye bendera, nikateleza hadi chini. Nilipokuwa navua viatu Taslim alitoka nyuma na chapati inayotoa moshi.

"Mama yako kaniita ukiwa bado juu ya mlima," alisema. "Nikadhani kachanganyikiwa. Kasema, 'Amezima. Jiandae.'"

Zamani Amma alinisikia kwenye misonobari, hatua chache toka nyumbani. Sasa ananisikia toka kilomita nne, kwa sababu anasikiliza pale sauti inapoishia. Majirani wameshajua. Mke wa Sharafat humtuma binti yake aje kuuliza, "Bibi, baba amezima?" na Amma hujibu, "Bado," au, "Punje ishirini zilizopita, mwambie mama yako asiweke chumvi nyingi." Ameongeza uzito. Analalamikia chai tena.

Wiki iliyopita walitangaza bei mpya usiku, na asubuhi nikajaza nusu ya nilichozoea. Sikusema nyumbani, nilitaka wale chakula cha jioni kwanza. Niliporudi, kabla ya kufika kwa walii kuna mahali pa tambarare, hatua kama mia mbili. Nikaona pikipiki ina kasi ya kutosha, nikazima pale. Ilijikokota ikapita bendera polepole, ikashuka.

Nilikuta chapati imeungua ukingoni. Amma alikuwa ameketi barazani, kainua kidevu, tasbihi imelala mapajani.

"Umechelewa punje hamsini," akasema. "Imepanda tena, siyo?"

"Nani kakuambia?"

"Wewe mwenyewe, huko juu." Akasogea, akanipisha nafasi kitandani. "Kaa ule. Hapo palipoungua nipe mimi, napapenda."