Watu Wasiomjua Chiriku

Chiriku, mdogo wangu wa mwisho, alitupiga marufuku kuhudhuria onyesho lake la kwanza. Ukumbi wenyewe ni chumba nyuma ya duka la vioo, viti arobaini, na jukwaa linalozidi kidogo tu meza yangu ya kukatia nguo.

"Nyinyi mtanipigia makofi hata nikikohoa," alisema. "Nataka watu wasionijua. Wakinisikiliza mpaka mwisho, naacha ukarani. Wakiondoka, nauza gita na hamtanisikia tena."

Mimi ndiye kaka mkubwa, na kazi ya kaka mkubwa ni kuelewa mambo kuliko wenye mambo. Siku mbili kabla ya onyesho nikapita kwa mwenye ukumbi. Viti viwili tu vilikuwa vimechukuliwa. Viwili! Nikaitisha kikao cha ukoo.

"Tutakwenda," nikawaambia, "lakini kama wageni. Hakuna kusalimiana, hakuna kukaa pamoja. Taa za jukwaani zitampiga machoni, hatatuona."

Wakaafiki wote, maana kwetu uongo wa upendo hauhesabiwi. Thelathini na wanane tukapatikana bila shida. Shangazi alivaa miwani ya jua. Baba Mdogo alikuja na gazeti la lugha asiyoijua. Mama nilimfundisha mwenyewe, jioni mbili mfululizo.

"Ukiulizwa, unamjua huyu binti?"

"Simjui."

"Tena."

"Simjui, nimesema!"

Saa kumi na mbili jioni ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, na mwenye ukumbi anafuta jasho kwa furaha. Wageni halisi walikuwa wawili: mwanamume aliyepakata kofia ya pikipiki, na mwanamke wa makamo mwenye mfuko wa mboga, aliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Chiriku aliimba nyimbo tatu. Tulipiga makofi kwa kiasi, kama watu waliolelewa kwa adabu. Nilimwona akianza kutabasamu, nami nikavimba kichwa. Siku za mwizi ni arobaini. Zetu hazikutimiza nusu saa.

"Huu wa mwisho ni mpya," akasema. "Nimeutunga mwenyewe, hakuna aliyewahi kuusikia."

Hakuna, ila sisi. Miezi mitatu alikuwa akiufanyia mazoezi jikoni, na kuta zetu ni nyembamba, na ndugu wakija kutembea hawaondoki mapema. Shangazi hufua nguo akiuimba, mimi hukata suruali nikiuimba. Alipofika kwenye kiitikio, ukumbi mzima ukaitikia: sauti ya kwanza, sauti ya pili, na besi ya Baba Mdogo.

Gita likanyamaza. Chiriku akakinga taa kwa kiganja.

"Mama?"

"Sikujui, mwanangu," Mama akajibu papo hapo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Machozi yalikuwa yakimlengalenga mdogo wangu, na aliyeyaleta ni mimi.

"Asiye ndugu yangu anyooshe mkono," akasema.

Mikono mitatu ikapanda. Mmoja ulikuwa wa Baba Mdogo.

"Shusha, Baba Mdogo." Akavuta pumzi. "Basi nawaimbia hao wawili. Nyinyi wengine fungeni midomo."

Tukafunga. Akaanza upya, macho kayaelekeza kule nyuma. Yule wa kofia ya pikipiki alikuwa ametulia. Lakini katikati ya ubeti wa pili nikasikia kiti kikiburuzwa, na nilipogeuka, mwanamke wa mfuko wa mboga alikuwa amesimama. Nilitaka kumkimbilia nimsihi akae. Nikakumbuka kwamba nimekwisha kusaidia vya kutosha.

Hakwenda mlangoni. Alipita kando ya viti, mfuko mkononi, mpaka safu ya mbele, akamgusa Mama begani.

"Dada, nisogezee nafasi," akanong'ona. "Kule nyuma sisikii maneno."