Mtungi Uliokohoa

Mke wangu amefundisha ufinyanzi mpaka udongo ukimwona unajiweka sawa wenyewe. Lakini sifa zake hasa zilikuwa za sikio. Chombo kikitoka tanurini alikigonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hukohoa. Zamani aligonga bakuli akakwambia hadi aliyelifinyanga aligombana na nani asubuhi hiyo. Mkibisha, bakuli lipo jikoni, kaliulizeni.

Sheria ya karakana yake ni moja. Chombo kikikohoa, aliyekitengeneza anakivunja mwenyewe, pale pale uani, na hakuna rufaa.

Siku hizi amechoka. Viganja vimevimba, na mgongo unaanza kulalamika kabla yeye hajaamka. Watoto wetu wamemsihi apumzike, naye huwajibu kwamba ataacha siku sikio litakapomdanganya. Mimi nilikwisha kushitakiwa kwa kumumunya maneno. Nikiomba kijiko naletewa kiatu.

Ijumaa moja nikampelekea chai, nikakuta wamefungua tanuri. Fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima anayekuja kujifunza akishafunga duka, alikuwa ametoa mtungi wake mkubwa wa kwanza, ameukumbatia kama mtoto aliyetoka kuoga. Mke wangu akaugonga. Nilikuwa mlangoni, na nilisikia mlio ukipanda hadi kwenye mabati ukarudi.

"Unakohoa," akasema. "Kauvunje."

Fundi akanitazama. Mimi nikaitazama chai. Akautoa uani, akauachia.

Mke wangu akainama taratibu kama mtu anayeshusha gunia, akaokota kigae na kupitisha dole gumba ukingoni. Ufa uliopita motoni huacha weusi. Ukingo huu ulikuwa safi, mkali wa kukata. Akaokota kigae kingine, kisha kingine, huku sisi tumesimama tu.

"Ulikuwa mzima, mdogo wangu," akasema. "Nisamehe."

Fundi akajibu kwamba si kitu, udongo upo, atafinyanga mwingine. Mke wangu alikuwa anamwangalia midomo.

Vyombo vilivyobaki akamwachia fundi avigonge. Yeye akakaa kwenye kigoda, chai inapoa mkononi, na kila chombo kilipogongwa aliutazama uso wa fundi kujua kimesemaje. Mwisho akavua aproni yake, akamkabidhi pamoja na ufunguo wa tanuri.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, kikapu nimebeba mimi. Karibu na geti letu akasimama kuvuta pumzi.

"Mzee, kumbe ulikuwa humumunyi."

"Nilikuwa namumunya," nikasema, kwa sauti iliyomleta jirani dirishani.

"Basi usinipigie kelele," akasema, akahamia upande wangu wa pili, sikio lake lenye nafuu likanielekea.