Siku Umi Alipoitwa Wakili

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe kumi na saba mwezi wa kumi, korosho zinadondoka mashambani na baraza la kata limerudi kukaa baada ya swala ya adhuhuri. Kabla ya hapo Mzee Likwata alikuwa mtu mwenye taabu zake za kawaida. Baada ya hapo akawa mtu aliyemtia mwanawe shimoni, ingawa hata leo ukimuuliza atakwambia shimo walilichimba wengine.

Kesi ilikuwa ya shamba. Likwata ni mzaliwa wa Mtama. Alikwenda kuoa kijiji kimoja cha ndani huko, ukishapita Rutamba, akahamia kwa wakwe kama wanaume wa kwao wanavyohamia. Mkewe, Kidawa, alipewa pori na ukoo wake. Likwata akalifyeka, akapanda mikorosho, akaipulizia dawa mwaka hadi mwaka mpaka kifua kikaanza kumbana. Ardhi ya ukoo wa mke, miti ya jasho la mume. Kidawa alipokuwa hai hakuna aliyeuliza kipi cha nani.

Kidawa akafa. Alifia kwenye benchi la zahanati, gari la wagonjwa limeegeshwa pale pale nje, na dereva anasema mafuta yapo ila yanasubiri sahihi ya mkubwa. Mkubwa mwenyewe yuko semina. Tangu siku hiyo Likwata akisikia neno "mkubwa" anatema mate, hata kama yuko ndani ya nyumba ya mtu.

Arobaini ilipopita alikuja shemeji yake, Bashiru, kaka wa marehemu. Huyu ndiye msemaji wa ukoo, na ndiye mwenyekiti wa kijiji vilevile, vyeo viwili chini ya kofia moja. Alikaa mkekani, akanywa uji, akasema kwa upole kabisa:

"Shemeji, uliyekuja kwake hayupo tena. Si ungerudi kwa dada yako Mtama ukapumzike?"

"Na mikorosho?"

"Mikorosho haina miguu, shemeji. Itabaki ilipo."

Ndiyo ikawa kesi.

Likwata na Kidawa walikuwa na mtoto mmoja tu, Umi. Huyu alisoma. Alipomaliza shahada ya sheria akaenda Dar es Salaam kwenye chuo cha mawakili, huko ambako mtu mwenye digrii anakaa darasani upya kama mtoto wa chekechea na wengi wanarudi nyumbani vichwa chini. Umi naye masomo mawili yalimkamata. Akarudia, akafaulu. Sasa alikuwa Lindi mjini, ofisini kwa wakili Klementi, anabeba mafaili na kuandika barua, amepanga chumba Mitwero, anasubiri mwezi wa kumi na mbili aapishwe. Jina lilikwishapelekwa juu. Kilichobaki ni kiapo.

Hicho kiapo Likwata hakukielewa, au hakutaka kukielewa. "Umesoma, umefaulu, cheti unacho," alimwambia siku moja. "Kiapo ni kuwapigia magoti hao wakubwa tu, basi."

"Baba, bila kiapo mimi si wakili. Nikijiita wakili ni kosa, naweza kufungwa."

"Haya, sijakwambia ujiite."

Wiki ya kesi alimpigia simu. "Alhamisi uje. Na lile koti jeusi la chuoni uje nalo."

"La nini, Baba? Baraza la kata mawakili hawaingii, sheria imekataza."

"Sikwambii uje kuwa wakili. Nakwambia uje umevaa."

Akaja amevaa. Wasichana wa kijiji walimpisha njia. Ndani ya ofisi ya kata wazee wa baraza walikuwa wamekaa nyuma ya meza, Bashiru upande wa madirisha, Likwata upande wa mlango, watu wamejaa mpaka nje. Mwenyekiti wa baraza hajamaliza kukohoa, Likwata kasimama.

"Wazee wangu, kabla hamjasema neno. Huyu mnayemwona hapa ni wakili. Wakili wa Mahakama Kuu. Atakayegusa mkorosho wangu ajue anagusa nini!"

Ukasikika upepo kwenye bati. Kisha mzee mmoja wa baraza, Abdulrazak, mtu mpole aliyemfundisha Umi alifu na bee madrasa, akainama mbele akamuuliza kwa furaha, "Ni kweli, mwanangu? Umekuwa wakili sasa?"

Sasa fikiria wewe. Baba yako kasimama ukweni, mbele ya shemeji zake wanaotaka kumfukuza, kidole chake bado kiko hewani. Umwambie "Baba, unasema uongo"? Mtoto wa kike wa huko akifanya hivyo amemvua baba yake nguo hadharani, na hakuna wa kumvika tena. Umi alitazama chini. Akapanga mikono mapajani, akanyamaza.

Nje wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wa baraza wakanong'onezana, kesi ikaahirishwa. Likwata alitoka kifua mbele, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Bashiru peke yake hakunong'ona na mtu. Alimsubiri Umi mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Hongera. Kile kiapo ulichoniambia, ni lini vile? Mwezi wa kumi na mbili?"

"Inshallah."

"Inshallah," Bashiru akaitikia, akatabasamu. Umi alikosa usingizi kwa tabasamu lile.

Barua ya pingamizi ilifika Dar es Salaam, kwa wale wanaopitisha majina ya mawakili wapya, kabla korosho za kwanza hazijapakiwa. Iliandikwa kwa mhuri wa kijiji: huyu binti amejitokeza barazani kama wakili hali hajaapishwa, ni kishoka, wakili bandia, na mashahidi ni kata nzima. Jina la Umi likatolewa kwenye orodha ya kuapishwa mpaka aitwe na kuhojiwa.

Wakili Klementi alimwita Likwata Lindi. Ni kijana kuliko Likwata, mnene, mwenye haraka, lakini alisimama kumpa kiti.

"Shikamoo, mzee. Umetufanya nini?"

"Marahaba. Nimefanya nini mimi? Muulize Bashiru! Muulizeni huyo mwenyekiti wenu aliyepewa mhuri akautumie kwenye ugomvi wa ukoo!"

"Mhuri tuuache kwanza. Pale hata mimi niliyeapa siruhusiwi kusimama. Wewe umempeleka ambaye hajaapa."

"Mwanangu hakutamka neno!"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, mzee. Aliulizwa, hakutamka neno."

"Ilikuwa heshima!"

"Mimi najua ni heshima, nimekulia huku huku. Wale wa Dar watasema ni uongo usio na sauti."

Umi alikuwa amesimama karibu na kabati la mafaili. Likwata alingoja alie, maana akilia angejua namna ya kumtuliza. Hakulia.

"Baba, hata huniambii pole?"

Likwata akasema nchi hii imeoza. Akasema wakubwa ni wamoja, wa kijiji na wa Dar. Akasema mengi, na yote huenda ni kweli, ila pole haikutoka.

Aliporudi kijijini alipitiliza moja kwa moja kwa Bashiru. Alimkuta barazani kwake anachagua korosho, nzuri huku, mbovu kule, hakuinua kichwa.

"Karibu, baba wakili."

"Bashiru, yule ni mtoto wa dada yako. Damu yako kuliko yangu, kwa mila zenu hizo hizo mnazonifukuzia."

"Najua. Ndiyo maana iliniuma. Mtoto wetu, ulimvalisha kinyago uje kututisha nacho."

"Futa barua."

"Barua haifutiki. Ila naweza kuandika nyingine." Bashiru akatupa korosho moja upande wa mbovu. "Naweza kuandika kwamba sikusikia vizuri. Kwamba ulisema anasomea uwakili, nami masikio yangu ya uzee. Hilo naweza."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Dada yako Mtama hajambo?"

Likwata alitaka kumtukana. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, aliyakusanya tangu arobaini. Badala yake aliangalia ile mikono inayochagua, akaona ni mikono ya Kidawa kabisa, vidole vile vile vifupi, na kucha zile zile pana. Akageuka akaondoka.

Alihama msimu katikati. Korosho zimetanda chini ya miti na hakuna aliyeziokota kwa niaba yake. Alipita kaburini kwa mkewe, akang'oa majani yaliyoota, akasoma Fatiha, akamaliza kwa kusema, "Kaka yako ameshinda. Utamsalimia wewe mtakapokutana." Godoro, jembe, bomba la kupulizia dawa, akapakia kwenye bodaboda mbili. Dada yake, Mwahija, akampokea Mtama bila swali. Bashiru naye, tumpe haki yake, aliandika barua ya pili siku hiyo hiyo.

Umi hakuambiwa. Lakini mtoto aliyefundishwa kuuliza maswali huwezi kumficha kitu kama hicho. Walipokuwa wanasubiri basi la Dar es Salaam, yeye na baba yake aliyeitwa kama shahidi, akauliza:

"Baba, kwa nini siku hizi unakaa kwa shangazi?"

"Kule joto."

"Baba."

Likwata akamtazama kondakta anayefunga mizigo juu ya basi. "Mjomba wako kaandika kwamba alisikia vibaya. Mimi nitasema hivyo hivyo. Wewe utaitikia, utaapishwa, yatakwisha."

"Na shamba?"

"Shamba lilikuwa la mama yako."

Kule Somanga basi liliposimama watu wakala samaki wa kukaanga. Likwata alimnunulia kipande, Umi akakishika mkononi kwenye gazeti mpaka kikapoa, akampa mtoto wa abiria mwingine.

Chumba walichoitwa kilikuwa na baridi ya mashine, baridi ya kumfanya mtu wa Lindi avae kanzu juu ya shati. Nyuma ya meza ndefu watu watano, maji ya chupa mbele ya kila mmoja. Likwata aliyatazama yale maji akafikiri habari ya mafuta ya gari la wagonjwa. Aliyeongoza alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, na sauti yake haikuwa ya kuonea. Hilo lilimkera Likwata zaidi. Angekuwa na kiburi ingekuwa rahisi.

"Tumepokea barua mbili za mtu mmoja," mama yule akasema. "Ya kwanza inasema binti alitambulishwa kuwa wakili, akaulizwa, akakubali kwa kunyamaza. Ya pili inasema mwandishi hakusikia vizuri. Mzee Likwata, wewe ndiye uliyemtambulisha. Ulisemaje?"

Likwata akasimama.

"Nilisema anasomea uwakili."

"Hukusema ni wakili?"

"Nilisema anasomea. Mimi sijasoma, mheshimiwa, lakini kusema najua. Na kama mnatafuta waongo, wako wengi wenye mihuri, mngeanzia huko."

Mjumbe mmoja akacheka kidogo, akajifunika mdomo. Mama hakucheka. Alivaa miwani akaandika, akaweka kalamu chini, akaivua ikaning'inia.

"Kaa, mzee, ahsante." Akamgeukia Umi. "Wewe ndiye tutakayekutuma mahakamani kesho, ukawaambie mahakimu kwamba unachosema ni kweli. Barua ya pili ikisimama, hatuna pingamizi, utaapa na wenzako. Isiposimama, unajua."

"Najua."

"Umemsikia baba yako."

"Nimemsikia."

Umi alikuwa na lile koti jeusi. Mikono yake ilianza kwenda mapajani, kama siku ile, ikasita njiani, ikashika ukingo wa meza. Hakutazama chini. Alimtazama baba yake, naye Likwata, aliyekuwa na jibu kwa kila mkubwa wa nchi hii, akajikuta anatafuta pa kuweka macho: kwenye chupa za maji, kwenye pazia, kwenye vidole vya mwanawe, vifupi, na kucha pana.

Mama yule akauliza kwa sauti ya chini, karibu kama mzee Abdulrazak alivyouliza:

"Ni kweli, mwanangu?"