Kimakua cha Posa

Kaka yangu Shaibu alikuwa na kichwa cha ajabu. Aliitafuta kofia yake huku ameivaa, jembe alilisahau shambani kila leo, lakini ukimpa lugha haimtoki. Kimwera alizaliwa nacho, Kiyao na Kimakonde alivipata ujanani. Wazungu wa mradi wa karanga walipofungua kambi Nachingwea, mzee mzima akaongeza Kingoni cha vibarua na Kiingereza cha madereva wa trekta, ambacho nusu yake ilikuwa matusi.

Baada ya kufiwa na mkewe, Ashura, alikaa mpweke miaka kadhaa. Siku moja akaniambia anataka kumposa Sabaha, mjane wa Kimakua kule Mandawa. "Dada, nimechoka kula peke yangu," alisema. Nilimwonea huruma, ingawa sikumwambia.

Kwetu mwanamke ni wa mjomba wake, hata awe na wajukuu. Mjomba wa Sabaha, Mzee Saburi, alikuwa mkongwe mwenye maringo. Akatuma neno kwamba hataki mshenga. Mwoaji aje mwenyewe, na aseme kwa Kimakua. Majirani zetu wa Lionja walicheka. Samaki mkunje angali mbichi, walisema, na huyu amekwisha kauka. Shaibu akahamia kwa Wamakua wauza tumbaku sokoni, na msimu mmoja wa ufuta ukamtosha.

Siku ya posa tulikaa mkekani kwa Mzee Saburi. Shaibu alipofungua kinywa, Kimakua kilimtiririka mpaka mzee yule akasahau kunusa ugoro wake. Nikaanza kutamba kimoyomoyo. Ikabaki kumtaja anayemposa. Mimi Kimakua sikijui, lakini jina la wifi yangu nalijua: Shaibu alisema, "Ashura."

Hakujua alilosema mpaka alipoziona nyuso zetu. Mzee Saburi akashika mkongojo wake, akainuka, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikose, "Asiyejua jina la anayemposa, arudi kwao."

Sabaha alikuwa mlangoni na sinia la muhogo. Akalitua.

"Keti, Mjomba. Ashura yuko kaburini miaka yote hii na bado anaitwa. Marehemu mume wangu alinisahau ningali jikoni kwake. Mimi namtaka huyu."

Mzee Saburi aliketi. Kaka yangu akalia mbele za watu, na mimi sikumcheka.