Watoto Thelathini na Wanane wa Hansa

Kwa jembe, Titus alikuwa fundi, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Kwao Meru kaburi la mtu anayeheshimiwa hukwatuliwa mpaka ubaki udongo mtupu. Nyasi zikimwotea baba yako ni aibu ya ukoo mzima. Basi Jumamosi alipokwenda kujitolea kwa mara ya kwanza katika makaburi ya kale yaliyotelekezwa, karibu na kwake Edmonton, ng'ambo alikohamia, alikimaliza kipande chake kabla ya chai. Kila jani, nje!

"Mama Hansa, njoo uone!" aliita akijisifu.

Hansa, bibi wa Kihindi wa miaka themanini na mmoja, mzaliwa wa Kisumu, aliyeongoza kazi hiyo, alikuja, akashika mdomo. "Arre! Titus, umenimaliza."

Yale maua meupe aliyoyadhani magugu ndiyo yaliyokuwa alama pekee. Chini yake walilala watoto thelathini na wanane wa nyumba ya mayatima, waliozikwa enzi za Malkia Victoria bila jiwe wala msalaba. Hansa aliwatafuta miaka kumi na mmoja katika madaftari ya mazishi, akapima kwa hatua, akampandia kila mmoja shina lake. Na saa nane mchana huo afisa wa halmashauri angekuja kukagua: pasipo na alama, njia ya baiskeli ingepita.

Titus alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usinisimamie hapo kama mlingoti," Hansa akamwambia. "Mashina bado mabichi. Lete."

Akapiga hatua nne kutoka ukutani, akaelekeza fimbo. "Alfred Pike, miaka sita, surua. Chimba." Hatua moja. "Ada Pike, dada yake." Hakushika karatasi yoyote. Titus alimfuata kwa magoti, matope mpaka kiunoni. Mama huyu! Watu wa dini yake wakifa huchomwa moto, yeye mwenyewe hatakuwa na kaburi, na bado amewabeba kichwani watoto asiohusiana nao kwa lolote. Alimstahi, akawa analirudia kila jina alipochimba.

Afisa alifika, akayatazama maua yaliyolegea. "Nitajuaje kuna watu hapa?"

Hansa alikuwa ameishiwa pumzi, hata kusema hawezi. Titus akavua kofia.

"Alfred Pike," akaanza, "miaka sita. Surua."

Alikwama kwa wa tano, Hansa akamnong'oneza, akaendelea. Alipofika kwa wa tisa, afisa alichomoa kalamu, akamwomba aanze upya, polepole, apate kuwaandika wote.