Mstari Alioufuta Binamu

Fundi alikuwa ameshushwa kwenda kutengeneza printa za ghorofa ya chini, na kinyongo kilimwandama kila alipopanda ngazi. Mtandao wa kompyuta unaounganisha zahanati zote aliujenga yeye. Sasa kiti chake kimekaliwa na binamu yake, tena binamu ambaye Fundi mwenyewe ndiye aliyemwingiza kazini.

Ofisini binamu huyo walimwita Bwana Usafi, maana hakuweza kuona kitu asichokielewa asikifute. Siku moja, kabla Fundi hajashushwa, alifuta mstari mmoja kwenye ruta, kifaa cha kuelekeza mawasiliano, inayounganisha zahanati za mbali, yaani matawi, na makao makuu. Ulikuwa muhtasari: badala ya kutangaza njia ya kila tawi mojamoja, ruta hiyo ilizitangazia nyingine jambo moja tu, kwamba upande wote ule unapitia hapa. Muhtasari ulipoondoka, tawi moja lenye waya mbovu likaanza kuwavuruga wote. Waya ukikatika, kila ruta inaacha shughuli na kupiga hesabu za njia upya. Ukirudi, zinaanza tena. Zahanati zote zikaganda. Bwana Usafi akamwambia mkurugenzi, bila kupepesa macho, kwamba ni Fundi, dada yake, aliyechokoachokoa; Fundi akashushwa, yeye akapewa kiti.

Mtandao ukawa wa kuyumba tangu hapo, mpaka mkurugenzi alipochoka akamwita Fundi. Alikaa, akatazama zile njia zinavyotokea na kupotea, akaurudisha muhtasari. Kompyuta zikatulia.

"Ilikuwa nini?" mkurugenzi aliuliza.

"Kuna mstari ulifutwa."

"Na nani?"

Fundi alimgeukia binamu yake. Binamu alikuwa anakagua viatu vyake.

"Basi, tuyaache ya nyuma," mkurugenzi alisema haraka. "Rudi kwenye kiti chako."

Kiti alirudishiwa, jina hakurudishiwa. Shangazi yake, mama yake Bwana Usafi, alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kwamba binti huyu aliharibu kazi kwa uzembe. Fundi alitaka kitu kimoja tu: shangazi ausikie ukweli kutoka kinywani mwa mwanawe.

"Lile tawi linalosumbua linahitaji mtu wa kukaa hukohuko," alimwambia mkurugenzi kwa sauti ya asali. "Binamu yangu anafaa sana."

Waya mbovu hakuubadilisha. Muhtasari uliwakinga wengine wote na lile tawi, na makao makuu kila kitu kilionekana kijani.

"Dada, huku kunakatika," Bwana Usafi alipiga simu.

"Huku kwangu kuko sawa kabisa, mdogo wangu. Hebu jaribu kufuta kitu."

Bwana Usafi alimlalamikia mkurugenzi. Mkurugenzi akaangalia kioo cha kompyuta, akaona kijani, akasema kijana anatafuta visingizio. Fundi alijisikia raha, raha ya kweli, hata chai ikamnogea.

Kisha ikaingia tena simu kutoka kwa Bwana Usafi, na safari hii aliyezungumza ni shangazi.

"Mwanangu, nimekuja huku kutibiwa presha yangu. Foleni imefika nje, dawa hazitoki, kompyuta imelala. Msaidie ndugu yako."

"Weka spika, shangazi. Nitamsaidia akikwambia nani aliufuta ule mstari."

Kwenye simu alisikika mtoto akikohoa na benchi likiburutwa.

"Ni mimi, mama," Bwana Usafi alisema mwishowe. "Nilifuta mimi, nikamsingizia dada."

Fundi alifumba macho. Maneno yalikuwa matamu kuliko alivyoyawaza.

"Waya mpya unakuja na gari la mchana," alisema. "Ninao hapa kabatini."

"Tangu lini?" shangazi aliuliza.

Fundi angeweza kudanganya. "Tangu kabla sijamleta huko."

"Na hawa wagonjwa, walikukosea nini?"

Fundi alifungua kabati, akautoa waya. Shangazi hakungoja.

"Kumbe nyinyi ni ndugu kweli," alisema, akamrudishia mwanawe simu.